Wachimbaji Walevi wa Donbas: Filamu Iliyotuzwa, Kisha Ikafungiwa

Tarehe 4 Septemba 1946, Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovyeti ilitoa azimio rasmi kuhusu filamu. Vita vilikuwa vimeisha mwaka mmoja tu kabla. Miji ya magharibi mwa nchi ilikuwa bado vifusi, ukame ulikuwa umeunguza mashamba ya Ukraine, na njaa ilikuwa mlangoni. Katikati ya yote hayo, wakubwa wa nchi wakakaa kujadili vijana wa kubuni, wachimbaji wa makaa ya mawe wanaopenda chupa.

Filamu yenyewe inaitwa Bolshaya zhizn, yaani Maisha Makubwa. Iliyofungiwa ni sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1939, ikapendwa mno, na mwaka 1941 mwongozaji Leonid Lukov na mwandishi Pavel Nilin wakapewa Tuzo ya Stalin. Miaka mitano baadaye mwongozaji ni yuleyule, mwandishi yuleyule, waigizaji wakuu walewale, mji wa migodi uleule, na serikali ileile iliyotoa tuzo ndiyo inayosema filamu hii ni uongo mtupu na isionyeshwe popote.

Kwa nini? Kuna majibu mawili mepesi ambayo hutolewa. La kwanza ni kwamba Stalin alikuwa hatabiriki: leo anacheka, kesho anafunga. La pili ni kwamba Chama kilichukizwa na ulevi. Jibu la kwanza halielezi chochote. La pili lina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu ulevi ulikuwemo tele kwenye sehemu ya kwanza, na ndio uliofanya watu wajae kwenye majumba ya sinema. Ili kuelewa kilichobadilika inabidi turudi nyuma kidogo, hadi chini ya ardhi.

Vijana wa bwenini

Donbas ni bonde la makaa ya mawe lililoko mashariki mwa Ukraine na kuingia kidogo Urusi. Miaka ya 1930 migodi yake ilikuwa inameza watu. Vijana kwa maelfu walikuwa wanatoka vijijini, wengine wakikimbia kilimo cha ujamaa cha lazima, wengine wakikimbia njaa kuu ya 1932 na 1933, wanaingia kwenye mabweni ya migodi wakiwa hawajawahi kushika hata taa ya mchimbaji. Wengi hawakukaa. Mtu alifanya kazi miezi michache, akapata buti na posho ya mkate, akahamia mgodi mwingine unaolipa zaidi kidogo. Viongozi wa migodi walilalamika kila siku kuhusu watoro, walevi na wagomvi wa bwenini.

Hao ndio Lukov aliowaweka kwenye filamu. Khariton Balun ni pande la mtu, mwenye nguvu za ng'ombe na akili ya taratibu. Anaigizwa na Boris Andreyev, ambaye kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa fundi wa kiwandani huko Saratov. Rafiki yake Vanya Kurskiy ni mdogo wa umbo, mcheshi, mjanja, mwepesi wa ulimi. Huyu anaigizwa na Pyotr Aleynikov, aliyekulia mitaani na kwenye vituo vya watoto yatima baada ya kufiwa na baba. Wote wawili walikuwa katikati ya miaka yao ya ishirini. Yupo na Mark Bernes, kijana mwingine, anayecheza injinia Petukhov.

Wanaofahamu filamu za Kisovyeti za wakati huo watakubaliana nami kwamba mashujaa wake mara nyingi ni wagumu kama sanamu. Balun na Vanya si sanamu. Wanagombana, wanalewa, wanakosa zamu, wanaogopa wanawake. Ukimwangalia Aleynikov anavyotabasamu baada ya kufanya utundu, unamwona kijana unayemjua mtaani kwako. Umaarufu wake ulikuwa wa ajabu: jina la Vanya Kurskiy lilimganda mwigizaji maisha yake yote, kiasi kwamba watu walimwita hivyo barabarani.

Ila hadithi ina mwelekeo. Walevi hawa wanakutana na njia mpya ya kuchimba, wanakutana na katibu wa Chama mwenye subira, na mwishowe Balun anavunja rekodi. Bweni chafu linasafishwa. Chama na mgodi vimemfinyanga mtu. Kwa mtazamaji wa 1939, rekodi hiyo haikuhitaji maelezo. Kwetu inahitaji.

Tani 102

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1935, kwenye mgodi wa Tsentralnaya-Irmino katika mji wa Kadiivka, mchimbaji aitwaye Aleksei Stakhanov alikata tani 102 za makaa katika zamu moja ya chini ya saa sita. Kiwango alichotakiwa kufikisha mtu mmoja kilikuwa tani 7. Magazeti yakatangaza kwamba amevuka kiwango mara kumi na nne, na kabla mwaka haujaisha nchi nzima ilikuwa na "Wastakhanov": wa pamba, wa viatu, wa treni, wa maziwa.

Tani hizo zilipatikanaje? Hapa inafaa kuingia ndani kabisa, kwa sababu jambo lote la filamu limejificha humu. Mwamba wa makaa aliochimba Stakhanov ulikuwa umelala kwa mwinuko mkali, na ulikuwa umegawanywa kwenye vipande vifupi, kila kipande na mkataji wake. Kwa kawaida mkataji alishika nyundo inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, akakata makaa kwa muda, kisha akaiweka chini na kuanza kusimika magogo ya kuegemeza dari ili lisimwangukie. Nusu ya zamu nyundo ilikuwa imelala. Usiku ule katibu wa Chama wa mgodi, Konstantin Petrov, alipanga mambo kwa namna nyingine: Stakhanov akapewa mwamba wote peke yake, akakata bila kusimama, na nyuma yake wakafuata watu wawili ambao kazi yao ilikuwa magogo tu.

Kwa hiyo tani 102 zilikuwa za watu watatu, si mmoja. Ukizigawa unapata tani 34 kwa kila kichwa. Bado ni nyingi, karibu mara tano ya kiwango, na mgawanyo wa kazi ule ulikuwa wa akili. Lakini kwenye gazeti lilibaki jina moja. Wale wawili wa magogo walisahauliwa haraka.

Tarehe 17 Novemba 1935, kwenye mkutano wa Wastakhanov huko Kremlin, Stalin alitamka maneno ambayo yalibandikwa kila ukuta: "Maisha yamekuwa bora, ndugu. Maisha yamekuwa ya furaha zaidi." Miezi michache baadaye, mwaka 1936, viwango vya kazi vikapandishwa kwenye sekta nyingi. Mchimbaji wa kawaida, asiyepewa mwamba mzima wala wasaidizi, akajikuta anatakiwa kutoa zaidi kwa mshahara uleule. Haishangazi kwamba Wastakhanov wengi walichukiwa na wenzao, na wengine walipigwa.

Chuki hiyo haimo kwenye filamu kwa sura hiyo. Imo kwa sura ya adui. Sehemu ya kwanza ina wahujumu waliojipenyeza mgodini, wanaosababisha mwamba kuporomoka ili njia mpya ishindwe. Hili nalo lilikuwa na mizizi. Mwaka 1928, kwenye kesi ya Shakhty, wahandisi na mafundi 53 wa migodi ya Donbas walishtakiwa kwa hujuma. Watano walipigwa risasi. Tangu hapo kila bomba lililopasuka na kila dari lililoanguka lilitafutiwa mtu wa kumlaumu, na kufikia 1937 watu walikuwa wanakamatwa kwa malaki. Watanzania waliokuwa watu wazima mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wana kumbukumbu yao wenyewe ya jinsi shutuma ya uhujumu inavyomfuata mtu hadi uvunguni mwa kitanda, ingawa ukubwa wa mambo haulingani hata kidogo.

Kuna kituko kimoja hapa ambacho sijawahi kukichoka. Filamu ina wimbo mzuri sana kuhusu nyika ya Donetsk na kijana mchimbaji anayetembea humo usiku, uliotungwa na Nikita Bogoslovskiy kwa maneno ya Boris Laskin. Nchi nzima iliuimba, na wachimbaji waliufanya karibu wimbo wao wa taifa. Kwenye filamu anayeuimba si Balun, si Vanya, wala si injinia mzuri wa sura. Ni Makar, yule mhujumu. Lukov alimpa adui wimbo bora kuliko yote, na mwaka 1939 hakuna aliyeinua kidole.

Mgodi uliojaa maji

Wajerumani waliikalia Donbas kuanzia vuli ya 1941 hadi Septemba 1943. Jeshi la Kisovyeti lilipokuwa linarudi nyuma lililipua migodi yake lenyewe ili adui asiitumie. Wajerumani walipokuwa wanaondoka wakalipua kilichosalia. Mgodi wa makaa ukikosa pampu unajaa maji, na maji yakijaa magogo yanaoza na dari zinashuka. Waliorudi mwaka 1943 walikuta mashimo yaliyojaa maji meusi, minara iliyopinda, na umeme hakuna.

Nani aliyefanya kazi ya kuifufua? Wanaume wengi walikuwa bado vitani au wamekwisha kufa. Kwa hiyo walikuwa wanawake, wafungwa wa vita wa Kijerumani, na vijana. Tangu Oktoba 1940 serikali ilikuwa na mfumo wa kuwaandikisha vijana kwenye shule za ufundi wa viwandani na kuwapeleka mahali panapohitaji mikono, na Donbas ilikuwa inahitaji mikono kuliko mahali pengi. Msichana wa miaka kumi na saba kutoka kijiji cha mbali alijikuta kwenye jengo lisilo na madirisha, viatu vimeisha, anashuka mgodini na koleo. Kuondoka hakukuruhusiwa. Tangu Juni 1940 kuacha kazi bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai. Maelfu walitoroka hata hivyo.

Lukov alianza sehemu ya pili akiwa na haya mbele ya macho yake. Wakati wa vita alikuwa amehamishiwa Tashkent, na huko mwaka 1943 alitengeneza filamu kuhusu askari wawili marafiki, akiwatumia tena Bernes na Andreyev. Ilipendwa sana, hasa kwa nyimbo zake, ambazo Bogoslovskiy tena ndiye aliyezitunga. Kwa hiyo mwaka 1946 Lukov alikuwa mtu mwenye sifa nzuri, anayerudi kwa wahusika ambao nchi iliwapenda, kwenye mada ambayo serikali yenyewe iliitaka: kujengwa upya kwa Donbas. Makosa yako wapi?

Azimio liliyataja moja baada ya jingine, na linavutia kusomwa kwa makini kwa sababu, tofauti na amri nyingi za kufungia kazi za sanaa, hili linaeleza.

Lilisema filamu imejaa mambo ya binafsi ya wahusika na vijisa vya nyumbani, na kwamba ujenzi mpya wa Donbas umepewa nafasi ndogo. Lilisema wafanyakazi wameonyeshwa kama watu walio nyuma, wasio na ustaarabu, wanaopoteza muda kwa porojo na ulevi, na eti walevi sugu ndio wanaotolewa kama watu bora. Lilikasirishwa na mtu aliyebaki Donbas wakati wa Wajerumani, akafanya uchochezi, na bado filamu inaisha hajaadhibiwa. Lilikasirishwa na vijana wa kike wanaofika mgodini na kuwekwa kwenye banda chafu lililobomoka nusu, chini ya usimamizi wa ofisa mjivuni asiye na utu.

Kisha yakaja mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo moyo wa shauri zima.

La kwanza: wachimbaji kwenye filamu wanaamua kuufufua mgodi kwa hiari yao, na vyombo vya serikali badala ya kuwasaidia vinawazuia. Katibu wa Chama wa mgodini anawaunga mkono wafanyakazi, na filamu inadokeza kwamba kwa kufanya hivyo anaweza kufukuzwa kwenye Chama. Azimio liliona kichekesho cha makusudi hapo. Iweje Chama kimfukuze mtu kwa kujali ujenzi wa nchi?

La pili: mgodi unafufuliwa kwa misuli. Azimio lililalamika kwamba filamu inaonyesha mafanikio yakipatikana kwa nguvu za mwili na mbinu zilizopitwa na wakati, si kwa mashine za kisasa. Likaongeza kwamba picha hiyo ingefaa zaidi Donbas ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1920, wala si Donbas ya leo yenye teknolojia na utamaduni ulioletwa na mipango ya miaka mitano ya Stalin.

Ukisoma malalamiko haya huku ukijua hali halisi ya 1946, unagundua jambo la ajabu. Mabanda machafu yalikuwepo. Walevi walikuwepo. Watu waliobaki chini ya Wajerumani walikuwepo kwa mamilioni. Na koleo lilikuwepo kila mahali. Azimio liliishutumu filamu kwa uongo, likitaja hasa zile sehemu ambazo zilikuwa kweli.

Sifa zinakwenda kwa nani?

Hapo ndipo tunaweza kurudi kwenye swali la mwanzo. Ulevi wa Balun na Vanya mwaka 1939 ulikuwa na kazi ya kufanya. Ulikuwa udongo ambao Chama kinaufinyanga. Kadiri kijana alivyokuwa mlevi mwanzoni, ndivyo ushindi wa mfumo ulivyong'aa mwishoni. Hata wimbo mtamu ulioko kinywani mwa mhujumu haukudhuru, maana mhujumu alikamatwa.

Mwaka 1946 vijana hao wamekua. Wameiona vita. Hawahitaji tena kufinyangwa. Wanajua la kufanya na wanalifanya, na katikati ya kazi wanakunywa kwa sababu wana ya kuomboleza. Aliyebaki anahangaika, anayechelewa, anayezuia, ni ofisi. Lukov na Nilin, nadhani bila kukusudia uasi wowote, walikuwa wamegeuza mwelekeo wa sifa. Kwenye sehemu ya kwanza mfumo unamwokoa mchimbaji. Kwenye ya pili mchimbaji anauokoa mgodi huku mfumo ukimsumbua.

Na huo ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote wa kusema jambo kama hilo. Vita viliwazoesha watu kujiamulia. Askari walikuwa wamefika Berlin na Vienna, wameona nyumba za watu wengine, wamerudi na maswali. Wengi walitarajia kwamba baada ya ushindi kamba italegezwa. Jibu la juu lilikuwa kukaza. Tarehe 14 Agosti 1946 lilitoka azimio dhidi ya majarida mawili ya fasihi ya Leningrad, likiwashambulia mshairi Anna Akhmatova na mwandishi wa vichekesho Mikhail Zoshchenko. Tarehe 26 Agosti likafuata la michezo ya jukwaani. La filamu lilikuwa la tatu ndani ya wiki tatu. Jina linalohusishwa na kampeni hiyo ni la Andrei Zhdanov, mmoja wa makatibu wa Kamati Kuu, lakini Stalin mwenyewe alizungumza kwenye kikao cha tarehe 9 Agosti ambapo majarida na filamu vilijadiliwa pamoja. Aliwalaumu waongozaji kwa kulipua kazi, akatoa mfano wa mwandishi wa Kijerumani Goethe, aliyeifanyia kazi tamthilia yake ya Faust kwa miaka thelathini.

Lukov hakuwa peke yake kwenye azimio hilo. Mwongozaji maarufu Sergei Eisenstein naye alitajwa, na kisa chake kinafanana na hiki hadi inatia shaka: sehemu ya kwanza ya filamu yake kuhusu Tsar Ivan ilipata Tuzo ya Stalin mapema mwaka huohuo wa 1946, sehemu ya pili ikafungiwa. Wengine waliotajwa ni Vsevolod Pudovkin, aliyeirekebisha filamu yake na kusamehewa, na Grigori Kozintsev na Leonid Trauberg, ambao filamu yao kuhusu wafanyakazi wa kiwanda kilichohamishwa wakati wa vita ilikaa kabatini miaka kumi.

Mtu anaweza kuuliza filamu hizi zilipitaje hatua zote hadi zikakamilika. Mswada ulipitishwa, bajeti ikatolewa, baraza la sanaa likaangalia. Waziri wa Sinema, Ivan Bolshakov, ndiye aliyekuwa akimwonyesha Stalin filamu usiku kwenye ukumbi mdogo wa Kremlin, na sura ya mtazamaji huyo mmoja ndiyo iliyoamua hatima ya kazi ya watu mamia. Wizara nayo ilishutumiwa kwenye azimio. Matokeo yake yalitabirika: kila mkaguzi wa chini akaona salama yake iko kwenye kukataa. Uzalishaji ulishuka, na kufikia 1951 nchi yenye watu karibu milioni 180 ilitoa filamu ndefu za hadithi tisa tu.

Kuhusu nyimbo, azimio halikunyamaza. Lilisema nyimbo za Bogoslovskiy kwenye sehemu ya pili zimejaa huzuni ya vilabuni na ni ngeni kwa watu wa Kisovyeti. Mmoja wapo, kwa maneno ya Aleksei Fatyanov, ni wimbo wa mwanamume anayemwambia mwanamke kwamba amemwota miaka mitatu. Filamu ikafungiwa, wimbo haukufungika. Bernes aliendelea nao, watu wakauimba mezani na kwenye treni, na hadi leo Warusi wengi wanaujua bila kujua umetoka kwenye filamu gani. Kwetu pia tunajua: wimbo ukifungiwa asubuhi, jioni kila bodaboda anao.

Mashine inaingia

Lukov hakufungwa wala kufukuzwa kazini. Mwaka 1951 filamu yake mpya kuhusu wachimbaji wa Donetsk ilitoka, na ni kama aliitengeneza akiwa na azimio mkononi, anatia tiki. Humo shujaa ni mashine: kombaini inayokata makaa, kuyavunja na kuyapakia kwenye mkanda bila mtu kushika nyundo. Mashine ya namna hiyo ilikuwepo kweli. Iliitwa Donbass, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1940, na walioibuni walipewa tuzo. Wachimbaji wa filamu ni nadhifu. Wazee wanafurahia mabadiliko. Stalin mwenyewe ni mhusika, akiigizwa na Mikheil Gelovani, mwigizaji aliyekuwa amebobea katika nafasi hiyo. Lukov akapata Tuzo ya Stalin tena.

Swali la mikono na mashine lilikuwa limejibiwa kwenye skrini, ila si ardhini. Kombaini ile ilifaa miamba iliyolala tambarare. Kwenye miamba yenye mwinuko mkali, kama ule wa Stakhanov, haikuweza kufanya kazi, na nyundo za hewa ziliendelea kutumika huko kwa miongo mingi baadaye. Msomaji wa Kolwezi au Mirerani hatashangaa kusikia kwamba picha ya mgodi kwenye bango na mgodi wenyewe ni vitu viwili.

Stakhanov wa kweli naye alikuwa na mwisho usiotoshea kwenye mswada wowote wa wakati ule. Alihamishiwa Moscow, akapewa nyumba na cheo, akawa mtu wa majukwaani, na pombe ikamzidi. Mwaka 1957 alirudishwa Donbas kufanya kazi za usimamizi mgodini, akafa mwaka 1977. Mwaka uliofuata mji wa Kadiivka ukaitwa kwa jina lake. Baadaye Ukraine iliurudishia jina la zamani, wakati mji wenyewe tayari uko chini ya majeshi yanayoungwa mkono na Urusi, kwa hiyo leo una majina mawili kutegemea nani anauliza. Kwa maneno mengine, hadithi ya mlevi anayegeuka mvunja rekodi, aliyeiishi aliiishi kinyumenyume.

Stalin alikufa Machi 1953. Mwaka 1956 Nikita Khrushchev, kiongozi mpya wa Chama, alimshambulia kwenye kikao cha faragha cha mkutano mkuu wa Chama, na makabati yakaanza kufunguliwa. Mwaka 1958 watazamaji waliiona sehemu ya pili ya Maisha Makubwa kwa mara ya kwanza, miaka kumi na miwili baada ya kukamilika. Mwaka huohuo ilitoka pia ile ya Eisenstein, ambaye hakuwahi kuishuhudia siku hiyo, maana alikuwa amefariki mwaka 1948. Lukov aliishi hadi 1963.

Ukipata nafasi ya kuziangalia, ziangalie kwa mpangilio wa miaka: ya 1939, ya 1946, kisha ile ya 1951. Ya kwanza ndiyo bora kama sinema, kwa ajili ya Andreyev na Aleynikov. Ya pili imelegea hapa na pale, na ukweli ni kwamba Lukov alipenda machozi kupita kiasi. Ile ya tatu inachosha, na dakika ishirini za kwanza zinatosha kukuonyesha mtu aliyeambiwa la kufanya.